Waliopotea wa Kanyosha

Bujumbura, Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika sasa hivi tu. Viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa tope mpaka kwenye kamba, na mimi nimekaa mezani na hasira ya jana na ya leo kwa pamoja. Chai imepoa na sina hamu nayo.

Shajara, leo nakupa yote, hata yale ya kunidhalilisha.

Jana nilikwenda kulipiza kisasi.

Nilijipamba kama bibi harusi. Nilitoa lile gauni la bazini la kijani ambalo mara ya mwisho nililivaa alipoolewa mdogo wangu, nikafunga kilemba, nikapaka wanja. Mbele ya kioo nikalirudia swali langu moja, tena na tena, kwa sauti ya upole, kwa sababu nilitaka limchome taratibu. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nimesoma mpaka macho yakaomba miwani, halafu nafanya mazoezi ya kumwaibisha mwenzangu kama mtoto anayekariri shairi la shule. Sikuona haya. Niliona raha.

Mtu mwenyewe ni Docteur Anicet, aliyekuwa mkuu wangu. Majina yote ya humu nimeyabadilisha. Nia yangu juu yake sijaibadilisha.

Kwa wanaosoma shajara hii hapa mtandaoni kwa mara ya kwanza, kazi yangu ni epidemiolojia. Sitibu mtu. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani wote wa mtaa wetu wa Buyenzi kwamba binti yake ni daktari wa kifua, basi kila nilipokwenda kumsalimia nilikuta watu wawili watatu wamekaa barazani wakikohoa kwa adabu. Mimi nahesabu. Nani ameugua, anaishi wapi, alianza dawa lini, aliacha lini, na kwa nini aliacha. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimehesabu kifua kikuu na virusi vya ukimwi katika mji huu, magonjwa mawili ambayo mara nyingi hukutana ndani ya mtu mmoja.

Chini ya Docteur Anicet nilizunguka vituo vya afya kimoja kimoja kwa miaka miwili nikinakili rejista kwa mkono. Nilianzia Kanyosha kwa sababu ndiko nilikopanga nyumba, nikamalizia Gasenyi, upande wa pili kabisa wa mji. Kila Ijumaa niliingiza kila kitu kwenye kompyuta, mgonjwa kwa mgonjwa. Lile faili nililijua kuliko ninavyojua mistari ya kiganja changu.

Halafu siku moja Docteur aliniita ofisini, akanipa Fanta, akaniambia kwa tabasamu kwamba mradi umekwisha. "Tutakuita," alisema. Wiki iliyofuata kiti changu kilikuwa na mtu mwingine, na mradi ulikuwa mzima wa afya.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo nafundisha wanafunzi wa chuo na kuokoteza vikazi vya muda.

Mwezi uliopita nikapata mwaliko wa kuhudhuria atelier. Hapa kwetu ripoti haiwi ripoti mpaka ifanyiwe atelier ya kuipitisha. Watu wanakusanywa kwenye hoteli karibu na ziwa, wanaonyeshwa majedwali kutwa nzima, wanauliza maswali mawili matatu ya heshima, wanapiga makofi. Ikishapigiwa makofi, imekuwa kweli, na anayeipinga baada ya hapo anaonekana hana adabu. Nani aliniweka kwenye orodha ya waalikwa sijui. Labda karani mpya asiyejua historia.

Ripoti yenyewe ilikuwa imeambatanishwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye majina ya waandishi. Langu halikuwepo. Nikaenda kwenye shukrani. Halikuwepo. Dereva ameshukuriwa. Nampenda yule dereva, alituvusha mito iliyofurika, anastahili shukrani zote. Lakini mimi je?

Kisha nikafungua majedwali, nikaona vituo vimepangwa kuanzia Kanyosha na kuishia Gasenyi. Si kwa herufi, si kwa ukubwa. Vimepangwa kwa mfuatano wa safari zangu. Hata kuupangua hakujihangaisha.

Nikaendelea kusoma. Ukurasa wa tatu nikaanza kucheka, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ripoti ilisema kwamba Kanyosha inaongoza mji mzima kwa wagonjwa wa kifua kikuu waliopotea.

Nieleze. Mgonjwa asipokuja kuchukua dawa kwa miezi miwili mfululizo, muuguzi anaandika kwenye rejista kwamba amepotea. Ni kanuni, na ni kanuni nzuri. Lakini watu wetu wana siri zao. Mtu akijua ana virusi vya ukimwi, hachukui dawa karibu na kwake, ambako jirani atamwona kwenye foleni. Anavuka mji. Kanyosha yeye ni Hamisi, jina alilopewa na baba yake. Gasenyi anatumia jina la Kirundi lililo kwenye karangamuntu, kitambulisho chake. Na akipata kifua kikuu juu ya hayo, anaanzia matibabu Kanyosha, kisha muuguzi wa Gasenyi anamwambia dawa zote azichukue pale pale kwa pamoja. Anakubali. Anameza, anapona, ananenepa. Huku Kanyosha, Hamisi ameandikwa amepotea.

Mimi mwenyewe sikulijua hilo nilipokuwa natengeneza faili. Palipoandikwa amepotea nikaandika amepotea. Kosa hilo ni langu, mimi mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambaye mjomba wake ana majina mawili na shangazi yake matatu.

Nililigundua mwishoni, kwenye foleni ya Gasenyi, nilipokutana uso kwa uso na mtu ninayemfahamu, ambaye kwenye faili langu alikuwa amepotea kabisa. Alikuwa na mfuko wa dawa mkononi na shavu limejaa. Akanivuta pembeni.

"Dada, huku mi niko mutu mwingine. Usiambie mutu, tafazali."

Basi nikaanza kuuliza, taratibu, kwa Kiswahili chetu, na kwa kuwa walinijua wakanijibu. Nyumbani nikafungua daftari la bluu. Upande mmoja jina la Kanyosha, upande wa pili jina la huko kwingine. Waliokuwa na jina la pili nikawafuta katika waliopotea. Wakabaki wachache ambao hawakuwa na jina jingine popote. Hao ndio waliopotea kweli. Hao ndio wa kutafutwa kwa mguu, nyumba kwa nyumba, kabla hawajaambukiza watoto wao.

Nilikuwa bado sijarekebisha faili Docteur aliponipa Fanta. Faili likabaki kwake. Daftari likabaki kwangu.

Hapa sasa ndipo penye aibu. Daftari lile nililificha. Nilijiambia nalinda siri za wagonjwa, na kweli yale majina mawili mawili ni siri, nitakufa nayo. Lakini ile orodha ya wachache waliobaki haikuwa na siri yoyote. Majina yale tayari yapo kwenye rejista ya kituo. Ningeweza kuinakili kwenye karatasi moja, nikampa muuguzi yeyote, nikarudi kupika. Sikufanya hivyo. Nilitaka ripoti yake ioze, naye aoze nayo.

Miaka mitatu daftari limekaa chini ya magauni yangu.

Turudi jana. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, vitambaa vyeupe mezani, chupa za maji, wakubwa mstari wa mbele. Docteur amezeeka kidogo, ila tai yake bado inang'aa. Aliponiona alinikumbatia. Alinikumbatia! Akanuka manukato yale yale. Nikamjibu "Docteur, za siku nyingi" kwa sauti tamu kiasi kwamba hata mimi nilijiogopa.

Nilingoja mpaka jedwali la Kanyosha likae ukutani. Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama walihakikisha kwamba hawa waliopotea hawapo kwenye rejista za dawa za ukimwi za vituo vingine, kwa majina mengine.

Docteur alitazama jedwali kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Mkubwa mmoja wa mbele aligeuka kunitazama, akaanza kuandika. Nakiri, shajara, ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia, nami nikaketi na kuunywa ule utamu taratibu pamoja na maji yangu.

Utamu wenyewe haukudumu.

Docteur alikunja uso, akatazama nyuma ya ukumbi, akasema hilo ni suala la walio kwenye terrain, kule vituoni. Akamwita Espérance asimame.

Espérance ni muuguzi wa Kanyosha. Yeye ndiye anayeshika ile rejista. Namfahamu vizuri. Miaka ile nilipokuwa nanakili, alinipa meza yake na yeye akaandikia magotini. Alisimama na programu ya mkutano mkononi, ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Ataje majina gani, yeye ambaye hajawahi kuonyeshwa hata ukurasa mmoja wa Gasenyi?

"Docteur, mi ninafwataka ile kanuni mulitupatia," alisema. "Mutu akikosa kuja miezi mbili, naandika perdu de vue. Njo vile mulitufundisha."

Docteur alitikisa kichwa kwa huzuni, huzuni ya mtu mkubwa aliyeangushwa na wadogo. Akasema rejista ya Kanyosha haishikwi vizuri, akaahidi kwamba Jumatatu asubuhi atamwomba mkuu wa wilaya ya afya amwondoe muuguzi yule na kuweka mwingine. Wakubwa wakaridhika. Ripoti ikapitishwa kwa sharti kwamba kasoro za Kanyosha zirekebishwe. Makofi.

Ningeweza kusimama tena. Ningesema rejista ya Espérance haina kosa hata moja, kosa liko kwenye faili lililowahesabu bila kulinganisha majina ya vituo. Wangeniuliza najuaje. Ningejibu kwamba faili ni langu. Wangeniuliza: kama ulijua, kwa nini ulinyamaza miaka yote hii? Nililiona swali hilo linakuja, nikabaki nimekaa.

Na nikapiga makofi. Mikono hii hii.

Kisha nikala. Niseme ukweli wote: samaki wa ziwani, mukeke wa kukaanga, alikuwa mzuri, nikarudia sahani. Nilipomaliza nikagundua kwamba Espérance hakuonekana kwenye foleni ya chakula. Nilimkuta nje, karibu na magari, amesimama juani wakati kivuli kipo.

"Mama Docteur," aliniambia, "we ulikuwaka unaniona. Ulikaa kwa meza yangu. Mi nimekosa nini?"

Hakuniuliza kwa hasira. Laiti angenitukana. Wapiganapo fahali wawili nyasi ndizo huumia, na mimi nimeisema methali hiyo maisha yangu yote nikijiona upande wa nyasi. Jana nilikuwa fahali.

Nilimwambia palepale, penye jua. Faili, daftari, magauni, yote. Nilidhani atanizaba kofi, na kama angenizaba ningenyamaza.

"Kumbe njo sababu," alisema.

Akanieleza jambo ambalo mimi, mtaalamu wa kuhesabu, sikuwa nimelihesabu. Wahudumu wa afya wa mtaa walijaribu kuwatafuta waliopotea. Walikwenda nyumba ya kwanza, wakamkuta mtu mzima, ana nguvu zake, akawafukuza: nani amewaambia mimi naumwa, mnataka kunivunjia ndoa? Nyumba ya pili vilevile. Ya tatu walifunguliwa mbwa. Baada ya nyumba nyingi za namna hiyo walichoka, wakasema orodha ni ya uongo, wakaacha. Waliopotea kweli walikuwa chini yao kwenye orodha ile ile. Hakuna aliyewafikia.

Nikamuuliza kama kesho yake ana nafasi. Akasema atakuja na vikopo vya makohozi.

Ndiyo maana leo nina tope. Tulikutana asubuhi mvua ikinyesha, yeye na mwavuli uliovunjika mbavu moja, mimi na karatasi niliyonakili jana, bila majina ya pili, orodha ya wale wachache tu. Tulipanda na kushuka vichochoro vya Kanyosha kwa kushikana mikono tusianguke.

Nyumba ya kwanza, mwenyewe alishazikwa. Mama yake alitukaribisha ndani, akatufutia viti kwa kanga. Alitushukuru kwa kuja. Hakuuliza kwa nini tumechelewa. Ningependa kuandika zaidi juu ya nyumba hiyo na siwezi.

Nyumba ya pili ni ya Saidi, fundi wa magari. Hana ugonjwa mwingine, kifua tu. Miaka ile alimeza dawa miezi mitatu, akajisikia vizuri, akarudi chini ya magari yake. Tulimkuta kwenye kigoda mlangoni, mikono myeusi kwa oili, amekonda mpaka saa imehamia karibu na kiwiko. Espérance alimweleza kwamba kwenye vitabu vyetu yeye ni mtu aliyepotea.

Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Nimepoteya wapi? Mi niko hapa. Sikuhama ata siku moja. Gereji ni ile, mulango ni huu."

Ndani ya nyumba nikasikia kikohozi kingine, chepesi, cha mtoto. Saidi alisema ni binti yake, ana miaka sita, ni mafua ya mvua. Espérance akanitazama. Tulimwomba Saidi makohozi, tukamwomba amlete mtoto kituoni Jumatatu, akaahidi. Kama dawa za kawaida bado zitamfaa, au ugonjwa umeshazizoea, mashine ya maabara ndiyo itakayosema.

Wakati wa kurudi, Espérance alikumbatia begi lenye vikopo kifuani ili visiyumbe. Aliniuliza kama Jumatatu atakuwepo yeye wa kumpokea yule mtoto, au huyo mwingine watakayemleta. Mtu mpya hatamjua Saidi. Atafungua rejista, ataona amepotea.

Hilo ndilo lililonikalisha mezani.

Miaka mitatu nimetafuta namna ya kuthibitisha kwamba faili ni langu. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa. Barua zilikuwa kwenye anwani ya mradi, wakaifunga. Mashahidi wangu wana watoto wa kulisha na hawatanisaidia. Leo, nikitoa tope kwenye vidole vya miguu, nikaona kwamba ushahidi ninao. Ni lile kosa. Docteur hawezi kueleza lilitoka wapi, kwa nini limejaa Kanyosha kuliko kwingine, liliingia wiki gani. Mimi naweza. Nililitengeneza mimi, na ninajua kulitoa.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Ili niseme hivyo lazima niseme na yaliyofuata: kwamba nilijua, kwamba orodha ilikuwa kwangu, kwamba niliilaza chini ya nguo huku watu wakikohoa. Nani atamkabidhi rejista mwanamke wa namna hiyo? Hata wanafunzi wangu watanitazama vingine. Wana haki.

Nimekaa nikajiuliza kama nafanya haya kwa ajili ya Espérance, au ya mtoto wa Saidi, au kwa sababu tu nimepata upanga mkali zaidi ya ule wa jana. Sijui. Nadhani ni yote. Sijasafika roho, shajara, usidanganyike. Nilipofikiria uso wa Docteur akifungua kompyuta yake kesho baada ya misa, moyo wangu uliruka kwa furaha, na ulikuwa moyo ule ule uliokuwa unalia njiani.

Mwaliko wa atelier ulitumwa kwetu sote anwani zikionekana. Wakubwa, wadogo, mkuu wa wilaya ya afya, wote wamo. Nimewaandikia wote kwa pamoja. Nimeeleza faili lilikotoka na lilivyochukuliwa. Nimeeleza kwamba rejista ya Kanyosha ni safi na kwamba wakimwondoa muuguzi yule watakuwa wameadhibu mtu pekee ambaye hakukosea. Nimeomba ripoti irudishwe. Nimesema orodha ya waliopotea kweli imeshafika kituoni, na imechelewa miaka mitatu kwa sababu yangu. Chini nimeweka jina langu lote.

Barua hiyo nimeituma kabla ya kuandika hapa, maana najijua.

Simu inalia tangu nilipofika kwenye aya ya mama yule wa nyumba ya kwanza. Ni Docteur; kumbe hakungoja kesho. Imekatika, imelia tena. Sipokei. Labda anataka kunitisha au kunibembeleza; hajui bado kwamba sijaja kujiokoa. Nikianguka, nitaanguka nimeshika kola ya shati lake.